Kosa Si la Chombo, Ni la Chumba

Siku hizi baadhi ya familia za mjini hutenga chumba kimoja kwa kurekodi nyimbo za kwaya, mashairi au masimulizi ya wazee. Lakini aghalabu sauti husikika kana kwamba imesemewa ndani ya pipa tupu. Wengi huilaumu maikrofoni, wakatoa fedha za matumizi ya nyumbani kununua nyingine ya bei kubwa. Kumbe mara nyingi kasoro imo katika chumba.

Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za saruji na sakafu tupu, huzigonga kuta mara nyingi kabla ya kufifia. Mwangwi huo huingia katika maikrofoni pamoja na sauti yenyewe, na maneno yakakosa kusikika wazi.

Dawa yake ilijulikana zamani. Mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara uliojaa mwangwi. Aliazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, akawa anaiingiza usiku kidogo kidogo, huku akipima kwa saa na masikio yake. Ukumbi ulipokuwa mtupu, sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Ulipojaa mito, ilidumu sekunde 1 na kidogo tu. Vitu laini na vinene humeza sauti.

Nawe unavyo vitu hivyo. Kwanza piga kofi moja chumbani. Ukisikia mlio unaotetema baada yake, mwangwi upo. Tandika zulia. Simamisha godoro nyuma ya msemaji, na utundike mablanketi mazito pande zote mbili, yakiachana na ukuta kiasi cha sentimita 10. Kabati la nguo lililofunguliwa nalo husaidia. Msemaji asikae katikati kabisa ya chumba, na maikrofoni iwe umbali wa shibiri moja kutoka kinywani.

Trei za mayai zisikudanganye. Ni nyembamba, hupunguza sauti kali kidogo, lakini zile nzito huziacha. Wala blanketi halizuii kelele za jirani: kazi hiyo hutaka ukuta mnene, mlango mzito na nyufa zilizozibwa. Ni heri kuchagua saa ya utulivu. Tena magodoro ya sponji na trei hizo hushika moto upesi. Viweke mbali na jiko, mshumaa na nyaya zilizochubuka.

Kazi hii haihitaji zaidi ya saa moja, wala haigharimu fedha nyingi. Itende kabla hujamketisha mzee mbele ya maikrofoni, kwani anayesimulia leo huenda kesho asiwepo kurudia.