Ukuta Usiojua Saruji

Kabla ya Jumamosi ile ungeniuliza nikutajie mji wa kale wenye kuta za mawe, ningekujibu mbio mbio: Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kando ya bahari ya Baltiki! Nilikuwa nimeuona katika picha, na minara yake iliyochongoka. Kumbe hapa hapa kwetu kuna kuta, nami sina habari.

Tulirauka alfajiri, wanachama wa chama cha Kiswahili na walimu wawili, tukaondoka Kendu Bay kwa basi la kukodi. Tulipita Homa Bay, Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha tukashika barabara ya vumbi mpaka ndani ya Migori. Ya njiani siyaelezi. Waliotapika wanajijua.

Tulikokwenda ni Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Inakadiriwa kwamba kuta hizi zilijengwa karne ya 16, na watu waliishi humo kwa vizazi vingi hadi karne ya 20. Mwaka wa 2018, UNESCO iliyatia maboma haya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tallinn ilitiwa mwaka wa 1997. Basi sisi na wao tumo katika daftari moja, ingawa wao wana kalenda na sisi hatuna.

Jambo lililonishangaza ni hili: ukuta huu hauna saruji, hauna chokaa, hauna hata udongo wa kushikisha. Mafundi hawakuchimba msingi wala hawakuchonga mawe kama walivyofanya wa Great Zimbabwe. Waliyatumia jinsi walivyoyaokota. Sasa unasimamaje, na mahali pengine una urefu wa zaidi ya mita 4?

Siri ni kwamba ukuta mmoja ni kama kuta tatu. Kuna safu ya nje, kuna safu ya ndani, na katikati yake mawe mengine yamejazwa, nayo ndiyo yanayozishika zile mbili zisiachane. Tena haukunyooka kama rula. Unakwenda ukijipindapinda, na penye udhaifu umewekewa nguzo za mawe za kuuegemeza. Kila jiwe linalikalia jingine na linakaliwa.

Lango nalo ni fupi ajabu. Mtu mzima lazima ainame ndipo apite, na juu yamelazwa mawe marefu kama mihimili. Hebu fikiria adui anayeingia akiwa ametanguliza kichwa, na wenyeji wanamngoja ndani na rungu! Ng'ombe walilala ndani, nyumba zikauzunguka ua wao. Tuliona pia vishimo vya ajua juu ya mwamba, na wawili wetu nusura waanze kucheza.

Sasa naungama. Nilitaka kupigwa picha nikiwa juu, kama mfalme. Nilikanyaga ukingo wa ukuta, jiwe moja likateleza, na mengine mawili yakalifuata. Kelele zikazimika ghafla. Mwalimu hakusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kuchapwa.

Mzee aliyekuwa akituongoza alisogea polepole. “Nyakwara,” akaniita, yaani mjukuu wangu, “shuka. Uliokota lipi kwanza?”

“Sijaokota, mzee. Yameanguka.”

“Basi sasa yaokote.”

Nikayaokota. Lilipokaa la kwanza, la pili lilikataa. Nililigeuza huku na huku, likawa linacheza kama jino bovu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini maboma ya namna hii, ambayo yalikuwa zaidi ya 100 katika sehemu hizi za Nyanza Kusini, mengi yamebaki marundo tu. Haihitajiki vita. Mbuzi apande leo, mzizi wa mti usukume kesho, mtu achukue mawe mawili ya kujengea jiko, na kila linaloondoka linafungua njia ya jirani yake.

Mzee alinipokea jiwe, akalitazama, akaliingiza kwa upande ambao sikuufikiria. Likakaa. La tatu halikupata mahali mpaka basi likapiga honi. Tuliliacha chini, kwenye nyasi, naye akasema atalijaribu kesho.