Keki ya Matufaha ya Kufudikiza: Utangulizi kwa Mwokaji wa Wajir

Keki ya kufudikiza ni ile ambayo matunda hupangwa chini ya sufuria, rojo la unga likamiminwa juu yake, na keki ikishaiva hupinduliwa ili matunda yaje juu. Huenda unadhani kazi hii ina wenyewe, watu wa ovena na friji. Lakini nyumba nyingi za Wajir huoka doolshe, keki ya mayai na iliki, na aliyewahi kuioka ameshashika nusu ya elimu hii.

Tuanze na msingi: kwa nini keki huumuka? Bekingi pauda, yaani mchanganyiko wa magadi soda na asidi kavu, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi inapolowa na inapopata moto. Gesi hiyo hupanua viputo vya hewa vilivyokwisha kuwamo ndani ya rojo. Viputo hivyo unavitia wewe, kwa nguvu za mkono wako. Vitabu vingi vya mapishi huagiza upige siagi na sukari mpaka vigeuke vyeupe. Siagi hushika hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 hivi. Wajir, ambako mchana hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, siagi huyeyuka bakulini na hewa ikatoroka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kujilaumu bure. Yai nalo hupenda joto: likiwa vuguvugu, protini zake huzingira hewa upesi zaidi. Kwa hiyo fuata njia ya doolshe. Piga mayai 3 na sukari gramu 150 mpaka ukiinua mchapo, rojo lishuke kama utepe na alama yake ikawie juu kabla ya kuzama. Usiharakishe hatua hii. Keki yote imeegemea hapo.

Sasa tia mafuta mililita 90, maziwa mililita 60, iliki iliyosagwa, halafu unga wa ngano gramu 180 uliochekechwa pamoja na kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi pauda. Changanya taratibu, uache mara unga mkavu usipoonekana tena. Ukizidisha utaamsha gluteni, ile protini ya ngano inayofanya donge la chapati livutike, na keki itakuwa ngumu.

Chini ya sufuria huwa kuna karameli, yaani sukari iliyoyeyushwa motoni hadi rangi na ladha yake zikabadilika. Yeyusha sukari gramu 120 kwa moto mdogo. Tikisa sufuria badala ya kukoroga, maana kijiko huirudisha sukari kuwa chembechembe. Ikiwa hudhurungi, epua, tia siagi gramu 45 na mdalasini. Harufu ya mdalasini hutoka vizuri zaidi ndani ya mafuta. Panga vipande vya matufaha 3. Tufaha la kijani lenye uchachu ndilo bora. Ukipata jekundu tu, likamulie ndimu.

Mimina rojo, funika, weka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliopata moto, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, kwa sababu chini kuna sukari iliyokwisha kupikwa na huungua upesi. Baada ya dakika 40 hivi choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Subiri dakika 10 ndipo uifudikize juu ya sinia. Ikipoa mno karameli huganda na kushika sufuria. Irudishe juu ya makaa kidogo, itaachia.

Kama unaogopa kupoteza vitu, anza leo na theluthi ya vipimo hivi: yai 1, tufaha 1 na sufuria ndogo. Kanuni ni zilezile, ila ichungulie mapema, maana keki ndogo huiva upesi.