Gari Lililopita Majini Likaguliwe Kabla ya Safari Nyingine

Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, na zile za mwishoni mwa mwaka zinaporejea, barabara nyingi za udongo pande zote mbili za mpaka wetu, Busia hadi Tororo, hukatwa na maji. Mito Sio na Malaba huvimba, na wakazi wa Budalang'i wanaikumbuka Nzoia ilivyovunja kingo zake mwaka 2020. Nyakati hizo magari ya doria, ya wagonjwa na ya wafanyabiashara hulazimika kupita majini. Wengi hudhani kwamba gari likishatoka upande wa pili likiwa bado linanguruma, hatari imekwisha. Sivyo. Madhara makubwa huanza kimyakimya baada ya kuvuka.

Difu na giaboksi hupata joto gari linapotembea, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Zikizama ghafla katika maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji ndani kupitia tundu la kupumulia, au kupitia sili zilizochakaa. Maji hayo huchanganyika na mafuta ya gia, nayo mafuta hupoteza uwezo wa kuyakinga meno ya gia yasisagane. Beringi hushika kutu. Gari laweza kutembea hivyo kwa wiki kadhaa, kisha likaharibika njiani usiku, pengine likiwa na mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Kulitambua tatizo si kazi ngumu. Mafuta mazima hupenya mwanga na huteleza vidoleni. Yaliyoingiliwa na maji hufanana na chai ya maziwa. Aidha, maji ni mazito kuliko mafuta. Kwa hiyo gari likilala usiku kucha mahali tambarare, kizibo cha chini cha difu kikilegezwa polepole asubuhi, maji yaliyojitenga ndiyo hutangulia kutoka.

Yakionekana maji, mafuta yote yabadilishwe bila kungoja tarehe ya matengenezo. Fundi aanze kwa kufungua kizibo cha juu cha kujazia. Akimwaga kwanza kisha akakuta kizibo hicho kimeshikwa na kutu, gari halitaondoka hapo. Baada ya kumwaga, ajaze mafuta mapya hadi yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa. Gari litembezwe kilomita chache, kisha mafuta yakaguliwe tena. Yakiwa bado meupe, yamwagwe na kujazwa upya, hadi yatoke safi. Kazi hiyo ifanywe kwenye difu ya mbele, difu ya nyuma, giaboksi, na giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu yote manne. Tundu la kupumulia lisafishwe, sili zikaguliwe, na grisi mpya itiwe kwenye beringi za magurudumu na viungo vya propela. Aina ya mafuta ifuate kitabu cha gari, kwa maana mafuta yanayofaa difu huenda yakala shaba iliyomo ndani ya baadhi ya giaboksi. Giaboksi ya otomatiki ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi mara moja.

Injini iliyozimika majini isiwashwe tena kabla ya kukaguliwa. Maji hayashindiliki kama hewa, na injini ikilazimishwa yaweza kupinda vyuma vyake vya ndani. Breki nazo zikanyagwe kidogokidogo baada ya kutoka majini, hadi zikauke na kushika.

Kwa sababu hiyo, tunaomba jambo moja lieleweke. Mwananchi akiona gari la doria limeinuliwa kwa jeki kituoni siku moja baada ya uokoaji, asidhani kwamba tumepuuza kazi. Saa chache za ukaguzi ni afadhali kuliko gari linalokwama wakati wa wito.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Mto Sio huingia Ziwa Victoria, na Malaba huelekea Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Anayeyachafua maji hayo huwachafulia majirani walio chini yake, wawe Wakenya au Waganda. Yakusanywe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na yakabidhiwe gereji inayoyapokea.

Zaidi ya yote, hakuna ufundi unaoshinda mto uliofurika. Mwezi Disemba 2021, basi lililojaribu kuvuka Mto Enziu huko Kitui lilizama, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Maji yenye kina cha sentimita 60 yanayokwenda kasi yaweza kulisomba gari kubwa. Usipoiona barabara chini ya maji, rudi nyuma, umjulishe chifu au mwenyekiti wa kijiji, au upige simu 999 au 112, namba zinazotumika Kenya na Uganda.

Mafuta ya gia hununulika, na safari huahirishika. Uhai ukishapotea haurudi.