Kununua Mashua Kuukuu ya Dizeli

Kemambo ni nchi ya ng'ombe na mashamba, wala si ya wavuvi. Lakini Mto Mara, ambao wenyeji wa huku waujua sana, huingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Na mtu akitaka kuufuata kwa biashara ya samaki, huenda akauza ng'ombe wa nyumba yake ili anunue mashua ya injini iliyokwisha kutumika. Shauri hilo si baya. Hatari yake ni kwamba mgeni wa ziwa hutazama rangi, na rangi huweza kupakwa kwa siku moja. Basi twaona yafaa kueleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, mashua ipandishwe nchi kavu. Mnunuzi achome kwa ncha ya kisu mbao zilizo karibu na mkuku, na mataruma yaliyo chini ya injini, mahali ambapo maji ya ngama hutuama. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, mbao zimeoza, na kalafati haitaziponya.

Pili, injini. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani yake hata ikawa moto sana, ndipo mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini iliyochakaa, isiyoweza kugandamiza hewa vema, huwaka kwa shida ikiwa baridi. Mnunuzi aiguse kwanza. Akiikuta ina moto, arudi kesho asubuhi. Ikisha kuwaka, atazame moshi. Moshi mweusi usiokoma waonyesha mafuta kuzidi au hewa kupungua. Wa buluu, oili inaungua. Mweupe usiokwisha injini ipatapo moto, mafuta hayaungui yote au maji yameingia ndani.

Tatu, fedha zote zisiishie kwa mwuzaji. Hapana budi kuweka fungu la kubadili oili na machujio, na kutia chujio la kutenga maji na dizeli. Kama injini yapozwa kwa maji ya ziwa, tundu la kuyavuta liwe na kichujio, kwani magugu maji yakiliziba injini huungua. Tena zinunuliwe pampu ya ngama, makasia, taa, na boya la kuvaa kwa kila mtu.

Nne, mashua isipakiwe kupita kiasi. Injini, dizeli, barafu na samaki vyote ni uzito. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa na watu wengi kupita kiasi chake, wakafa zaidi ya 200.

Mwisho, mnunuzi amwulize afisa uvuvi kama mashua imeandikishwa, na kwa jina la nani, kisha apate leseni.

Asiye na fedha ya matengenezo, na angoje msimu mwingine. Ng'ombe aliye zizini huzaa; mashua iliyozama haizai.