Ukanda Umtambulishao Mgonjwa

Katika kisiwa cha Unguja watu wengi wana majina yaliyo sawasawa. Ukiita "Fatuma Juma" sokoni, huenda wakaitika watatu. Sokoni watu watacheka tu. Lakini hospitalini ni jambo la hatari.

Tuseme mwanamke wa Mbweni amelazwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja, na kitanda cha pili yake amelala mwanamke wa Makunduchi mwenye jina lilo hilo. Mmoja wao ameandikiwa kutiwa damu. Basi, damu za wanadamu ni za namna mbalimbali, kama Karl Landsteiner alivyoeleza mwaka 1901. Na mtu akitiwa damu isiyopatana na yake aweza kufa.

Kwa hiyo mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mgonjwa atambuliwe kwa mambo mawili yasiyopungua, kama jina na tarehe ya kuzaliwa. Hospitali nyingi ulimwenguni humfunga mgonjwa ukanda mkononi wenye habari hizo. Na katika nyingine ukanda huo husomwa kwa mawimbi ya redio.

Ndani ya ukanda mna chipu, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyounganishwa na waya mwembamba. Haina betri. Muuguzi akikaribisha chombo cha kusomea, chombo hutoa mawimbi. Mawimbi yakiupata waya huzaa umeme kidogo, nao huiamsha chipu. Chipu hujibu kwa kutaja namba yake, isiyo ya mgonjwa mwingine. Kisha kompyuta huitafuta namba hiyo katika daftari la hospitali, ikaonyesha jina, namna ya damu na dawa. Mawimbi hupenya shuka, hata mgonjwa aliyelala hana haja ya kuamshwa.

Walakini chombo hakina akili. Ukanda wa Fatuma huyu ukifungwa mkononi mwa Fatuma yule, chombo kitasoma namba pasipo kosa, na damu itakwenda kwa asiyestahili. Ndiyo maana muuguzi mwangalifu, kabla ya kufunga ukanda, humwuliza mgonjwa, "Jina lako nani? Ulizaliwa lini?" Hasemi, "Wewe ndiwe Fatuma?" maana mwenye homa kali huitikia jina lo lote. Na kama mgonjwa amezimia, huwauliza jamaa zake.

Maswali
1. Kwa nini jina peke yake halitoshi hospitalini?
2. Chipu hupata wapi umeme wake?
3. Ni kazi gani ambayo chombo hakiwezi kumfanyia muuguzi?