Wino Imeisha na Projekti ni ya Kesho? Hivi Ndivyo Katriji Hufanya Kazi, na Vile Hujazwa Bila Kuiharibu

Kama uko na saiba hapa Kiganjo, Thika, hesabu unaijua. Ukiprinti ukurasa kwa 10 bob na katriji mpya ikuwe 2,000, lazima utoe kurasa 200 ndio urudishe tu doo ya wino. Karatasi na stima bado. Ndio maana maboy wa mtaa hujaza na sindano. Lakini ukijaza vibaya, unazika katriji.

Tuanze ndani. Katriji nyingi ndogo za HP na Canon zina sponji iliyonyonya wino. Kazi ya sponji ni kushika wino isimwagike. Chini kuna kichwa chenye vitundu vidogo kuliko unywele, na kila kitundu kina kahita kake. Stima ikipita, wino kidogo inashika moto zaidi ya digrii 300 kwa muda mfupi sana, povu linatokea na kusukuma tone kwa karatasi. Epson hawatumii moto: wao hutumia kifaa kinachojikunja kikipata stima, kisha kinafinya wino itoke.

Sasa skiza hapa: wino ndiyo hupoza hizo hita. Ukiendelea kuprinti kama imekauka, zinaungua, na hakuna sindano itazifufua. Ukiona mistari mistari, simamisha kazi.

Kujaza ni hivi. Toa stika ya juu, utapata vitundu. Ya rangi huwa na vyumba vitatu: bluu, pinki na manjano. Ingiza kijiti cha meno kwanza uone kila shimo ni la rangi gani, juu mpangilio hubadilika kulingana na modeli. Ukichanganya, picha ya paspoti itatoka kijani na mteja atakuruka.

Piga wino pole pole ndani ya sponji. Ikianza kuonekana kwa shimo, wachana nayo, halafu vuta kidogo irudi kwa sindano. Ukijaza kupita kiasi, itavuja ndani ya printa. Rudisha stika bila kuziba njia ya hewa. Hewa isipoingia, wino haitoki. Mwisho, gusisha kichwa kwa tishu yenye maji ya vuguvugu hadi rangi zote zijichore.

Printa ikikuambia bado iko empty, usipanik. Mara nyingi hiyo mashine haioni wino. Inahesabu tu kile imetumia. Lakini kuna zingine chipu yake inakataa kabisa, so uliza kabla ya kununua.

Na kama unaprinti kutwa, piga hesabu ya printa ya tangi. Hiyo unamwaga wino ya chupa tu, sindano unaachia daktari.