Makao nafuu Pwani: Kabla ya kulipa kodi Garsen, ulizia habari za mto

MFANYAKAZI anayetaka kwenda Pwani mwezi mmoja au miwili, apumzike huku akimalizia kazi yake, aghalabu huanza hesabu kwa kodi ya nyumba. Huulizia Watamu, Diani au Shela, akashtushwa na bei, hasa ya Agosti na Desemba, kisha rafiki humnong'oneza: nenda Garsen, huko nyumba ni rahisi.

Rafiki huyo hakosei. Walakini Garsen, ingawa imo katika eneo la Pwani, haiko ufuoni. Mji huu umo kando ya Mto Tana, yapata kilomita 110 kutoka Malindi, na anayefungua dirisha akitarajia mawimbi ataona miembe na ng'ombe wa Waorma wakielekea majini. Kwa mtu wa aina hiyo, Malindi yenyewe inafaa zaidi, mradi atafute chumba mitaa ya ndani wanakoishi wenyeji badala ya ufuoni wanakofikia watalii. Kipini, ambako Tana humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, ina bahari na utulivu, ila huduma zake ni chache.

Anayeichagua Garsen na achague kwanza mwezi. Mafuriko ya hapa hayategemei sana mvua inyeshayo hapa. Maji hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, yakapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakateremka mamia ya kilomita katika nchi kame hadi kwenye delta. Mpangaji aweza kulala chini ya anga yenye nyota na kuamkia maji uani. Ndiyo maana tangazo la KenGen kwamba bwawa la Masinga limeanza kufurika ni habari ya kusikilizwa Garsen kuliko utabiri wa mvua ya Garsen.

Mto ulifurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ukafurika 2018, mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Mei 2024 barabara ya kwenda Lamu ilifunikwa na maji karibu na Gamba. Hebu fikiria mtu ambaye likizo yake imekwisha, mwajiri anamngoja Nairobi, naye yuko Witu au Kipini, ng'ambo ya maji hayo. Kodi aliyookoa humezwa na siku za kukwama.

Kwa hivyo epuka Aprili na Mei, halikadhalika Novemba na Desemba. Julai hadi Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Januari na Februari nchi ni kavu na maembe ni tele, ila joto halimwachi mtu kufikiri mchana, na afanyaye kazi ya kuandika hana budi kuamka alfajiri.

Kukaa kwenyewe hakuna gharama kubwa. Samaki wa mtoni, maziwa ya wafugaji na mchele wa delta hupatikana. Neti ya mbu si ya kusahaulika, na mtoni usioge, kwa kuwa mamba wapo. Umeme upo lakini hukatika. Mwenye kazi inayodai intaneti kila saa heri abaki Malindi, naye mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha au mswada wa kumalizia atapata utulivu.

Usalama nao haufai kufichwa. Kati ya 2012 na 2013 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100, na Julai 2014 kituo cha polisi cha Gamba kilishambuliwa. Safiri mchana, hasa ukielekea Lamu, na ukifika jitambulishe kwa chifu na kwa mzee wa mtaa.

Usitume pesa kabla ya kuiona nyumba. Lala gesti siku mbili tatu, uzunguke kwa miguu. Tazama kuta za nje, kwani maji ya mafuriko huacha mstari wa tope ambao rangi mpya haiufichi vyema, kisha muulize jirani, wala si mwenye nyumba, mwaka 2024 maji yalifika wapi.